Wakili wa walioumizwa na bidhaa mbovu: kazi ya kumthibitisha konokono

SWALI: Shikamoo, wakili msomi. Niko mwaka wa mwisho wa shahada ya sheria, na nimeamua kuwatetea watu walioumizwa na bidhaa mbovu: mitungi iliyolipuka, dawa zenye madhara yaliyofichwa, vifaa vilivyovunjika mikononi mwa wenyewe. Wenzangu wananicheka. Wanasema nitapigana na makampuni makubwa na nitakufa njaa. Naomba unieleze kazi yenyewe ikoje, pesa inatoka wapi, nijifunze nini zaidi ya sheria, na kama ni vibaya kuanzia kwenye ofisi inayoyatetea makampuni hayo hayo.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na hao wanaokucheka, maana wamesema nusu ya kweli. Utapambana na makampuni, na malipo huchelewa. Walipokosea ni kudhani kwamba mapambano hayo hufanyika mahakamani, kwa sauti kubwa. Sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika kimyakimya mbele ya kitu kilichoharibika: ngazi, tairi, chaja, kiungo bandia cha nyonga kilichotolewa mwilini mwa mtu. Ukiweza kueleza kwa nini kiliharibika, na ukathibitisha kwamba ubovu ulikuwemo tangu kilipotoka kwa aliyekitengeneza, sheria haitakusumbua sana. Usipoweza, hata ukikariri hukumu za dunia nzima utatoka mikono mitupu.

Chukua kesi ambayo bila shaka ulifundishwa mwaka wa kwanza, Donoghue dhidi ya Stevenson. Tarehe 26 Agosti 1928, katika mkahawa mmoja mjini Paisley, Scotland, May Donoghue alinunuliwa na rafiki yake kinywaji cha tangawizi. Chupa ilikuwa ya kioo cheusi, haionyeshi ndani. Alikunywa kiasi, na kilichobaki kilipomiminwa, kwa maelezo yake, yakatoka mabaki ya konokono aliyeoza. Aliyelipa ni rafiki, kwa hiyo yeye hakuwa na mkataba na mtu yeyote. Mwaka 1932 Baraza la Malodi la Uingereza, majaji watatu dhidi ya wawili, likaamua kwamba mtengenezaji ana wajibu wa kuwa mwangalifu kwa mlaji wa mwisho hata kama hawajawahi kufanya mkataba.

Hayo uliyaandika kwenye mtihani ukapata alama zako. Je, mwalimu alikuambia kwamba hakuna mahakama iliyowahi kuthibitisha kuwa konokono alikuwepo? Malodi waliulizwa swali la sheria tu: tukichukulia kwamba haya yote ni kweli, je, kuna dai? Kabla ushahidi haujasikilizwa Stevenson alifariki, na baadaye shauri likamalizwa nje ya mahakama. Chuoni unapewa konokono bure. Kazini unatakiwa umthibitishe mwenyewe: alikuwemo, aliingia kiwandani na si mkahawani, na ndiye aliyemuumiza mteja wako, si chakula alichokula jana yake.

Ndiyo maana dakika za kwanza za simu ya kwanza ni muhimu kuliko hotuba yoyote utakayoitoa baadaye. Mtu anapokupigia na kusema kifaa kimemlipukia, kabla hujamuuliza kuhusu fidia mwambie asikitupe, asikisafishe, asikipeleke kwa fundi, na zaidi ya yote asikirudishe alikokinunua. Muuzaji mwenye akili humwambia mteja, pole sana, lete hicho kibovu tukupe kipya. Mteja anafurahi, anaona ametendewa wema, na ushahidi wote umeondoka kwenye mfuko wa plastiki. Nimewaona watu waliokuwa na dai zito kabisa likayeyuka kwa kubadilishiwa kifaa namna hiyo, na hakuna sheria ya kuwarudishia.

Baada ya hapo taka boksi, karatasi ya maelekezo, risiti, na namba ya toleo iliyochapwa chini au ubavuni. Namba hiyo ndiyo itakayoonyesha kifaa kilitengenezwa lini na pamoja na vipi vingine, na pengine kwamba mtengenezaji alishawahi kutangaza kuviondoa sokoni. Piga picha kila upande, kifungie mahali penye ufunguo, na andika nani amekigusa, lini na kwa nini. Orodha hiyo ya waliokigusa inachosha kuiandika, lakini siku wakili wa upande wa pili atakaposema kwamba kielelezo kimechezewa, utaishukuru.

Halafu, tafadhali, usikifungue. Mawakili wachanga hushikwa na hamu ya kujua, wakampa fundi akifungue kwa bisibisi. Uchunguzi wowote unaobadilisha kitu ni lazima upande wa pili uarifiwe na upewe nafasi ya kuwepo, la sivyo watadai umeharibu ushahidi, na jaji anaweza kukubaliana nao. Kwa betri ya lithiamu iliyoungua, kwa mfano, wataalamu makini huipiga kwanza picha za eksirei au za CT ikiwa bado nzima ilivyo, ndipo wanakubaliana na wenzao wa upande wa pili namna ya kuifungua. Ukishaifungua huwezi kurudia.

Kuhusu sheria yenyewe sitakaa sana, kwa kuwa vitabu unavyo. Ubovu huwa wa namna tatu. Kuna ubovu wa utengenezaji, ambapo kifaa kimoja au toleo moja limetoka tofauti na lilivyokusudiwa. Kuna ubovu wa usanifu, ambapo vyote vimetoka kama vilivyokusudiwa, na tatizo ni hilo lililokusudiwa. Na kuna upungufu wa maonyo. Wa kwanza ndio mwepesi kwako: unakiweka kibovu kando ya kizima na tofauti inajionyesha. Wa pili ni ghali, maana mtaalamu wako lazima aonyeshe kwamba kulikuwa na usanifu mwingine salama zaidi ambao ungewezekana kiufundi na kwa gharama ya kuvumilika. Wa tatu mawakili wengi huukimbilia kwa kuwa unaonekana rahisi, kisha wanakwama kwenye swali moja: kama onyo lingekuwepo, mteja wako angelisoma?

Ujue pia umesimama wapi kisheria, kwa kuwa dunia haina kanuni moja. Zamani ilibidi kuthibitisha uzembe. Mwaka 1916, katika MacPherson dhidi ya Buick, mahakama ya rufani ya New York ilimwajibisha mtengenezaji wa gari kwa gurudumu la mbao lililovunjika, ingawa gurudumu lilitengenezwa na kampuni nyingine na gari likauzwa na wakala. Hoja ilikuwa kwamba ubovu ungeonekana kama gurudumu lingekaguliwa inavyotakiwa. Mwaka 1963, katika Greenman dhidi ya Yuba Power Products, Mahakama Kuu Kabisa ya California ilikwenda mbali zaidi. Mtu alikuwa akitumia mashine ya useremala aliyozawadiwa na mkewe, kipande cha mbao kikaruka kikampiga usoni. Jaji Traynor aliandika kwamba mtengenezaji anayeweka sokoni bidhaa akijua kwamba haitakaguliwa kabla ya kutumiwa anawajibika ikiwa na ubovu unaomuumiza mtu, bila mdai kulazimika kuthibitisha uzembe. Ulaya ilifuata mkondo huo kwa maelekezo ya pamoja ya mwaka 1985: mdai athibitishe madhara, ubovu, na uhusiano kati ya viwili hivyo. Maelekezo mapya ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2024 yatahusu bidhaa zitakazoingia sokoni baada ya tarehe 9 Desemba 2026. Yanahesabu hata programu za kompyuta kuwa bidhaa, na yanaruhusu mahakama kuchukulia kwamba ubovu upo pale ambapo ugumu wa kiufundi unamwelemea mdai kupita kiasi. Kwa kijana wa umri wako hilo ni eneo la kulitazama. Wengi wa rika langu wanajua chuma na dawa. Wanaojua kuisoma programu iliyofanya breki zichelewe ni wachache mno.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ningependa ulibebe kuliko yote: kukataa kesi. Kuna dawa mbili nazitumia kila ninapowaeleza vijana. Zote zilitumiwa na wajawazito kupunguza kichefuchefu. Ya kwanza ni thalidomide, iliyoanza kuuzwa Ujerumani Magharibi mwaka 1957 na kuondolewa Novemba 1961 baada ya madaktari kuihusisha na watoto waliozaliwa na viungo visivyokamilika. Watoto walioathirika duniani wanakadiriwa kuwa zaidi ya 10,000. Ya pili ni Bendectin. Nayo ilishtakiwa na mamia ya familia Marekani kwa madai yanayofanana: mtoto amezaliwa na viungo vyenye hitilafu, mama alikunywa dawa, basi dawa ndiyo sababu. Mtengenezaji aliiondoa sokoni mwaka 1983, amechoshwa na kesi. Shauri mojawapo, Daubert dhidi ya Merrell Dow, lilifika Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani, ambayo mwaka 1993 iliwapa majaji kazi ya kuchuja ushahidi wa kitaalamu kabla haujasikilizwa: je, mbinu aliyotumia mtaalamu imejaribiwa, imepitiwa na wataalamu wenzake, kiwango cha makosa yake kinajulikana? Shauri liliporudi chini wadai walishindwa. Tafiti nyingi zilikuwa hazijaonyesha uhusiano huo, na mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu tena mchanganyiko ule ule kwa jina jingine.

Angalia familia za dawa hizo mbili. Uchungu ni ule ule, hadithi ni ile ile, wala hakuna mama aliyesema uongo. Kinachozitofautisha hakikuwemo katika maelezo yao. Kilikuwa katika takwimu na maabara. Ukichukua kesi kwa kuguswa na hadithi, utaikokota familia miaka mingi kuelekea kushindwa, huku ukiwafanya waamini kwamba kuna mtu wa kulaumiwa. Ni heri umwambie mama mwezi wa kwanza, kwa upole na kwa maandishi, kwamba sayansi haikubebi. Na umweleze ukomo wa muda wa kufungua kesi, ili akitaka kumuuliza wakili mwingine asichelewe. Mawakili wazuri wa eneo hili hukataa watu wengi kuliko wanaowapokea, na sijawahi kuona kwamba hiyo ni roho mbaya.

Ukishaikubali kesi, tafuta nani wa kushtaki. Mtengenezaji mara nyingi yuko nchi nyingine na jina kwenye boksi ni la mtu mwingine kabisa. Sheria nyingi za sasa zinakupa njia. Ulaya humhesabu mwagizaji kama mtengenezaji, na Afrika Kusini, kwa kifungu cha 61 cha sheria yake ya walaji ya mwaka 2008, humwajibisha mtengenezaji, mwagizaji, msambazaji na hata muuzaji wa rejareja. Ila kuwa na haki ya kumshtaki mtu si kuwa na uhakika wa kulipwa. Uliza mapema: ana bima? Ana mali? Kampuni yenyewe bado ipo? Hukumu nzuri dhidi ya kampuni iliyobaki jina tu haimnunulii mteja wako hata mkongojo.

Kisha omba nyaraka. Kila mtu amesikia habari za yule bibi wa kahawa, Stella Liebeck, na wengi wanazisimulia kama kichekesho cha Wamarekani. Mwaka 1992, akiwa na umri wa miaka 79, alimwagikiwa na kahawa ya McDonald's akiwa ameketi kwenye gari lililosimama. Aliungua hadi tabaka za ndani za ngozi, akalazwa hospitali na kupandikizwa ngozi. Kesi yake haikushinda kwa machozi. Ilishinda kwa karatasi: kampuni ilitaka kahawa iwekwe kwenye nyuzijoto za Selsiasi 82 hadi 88, na ilikuwa imepokea malalamiko zaidi ya 700 ya watu walioungua katika miaka kumi iliyotangulia. Juri, yaani jopo la raia wanaoamua kesi, lilimhesabia naye asilimia 20 ya kosa, fidia yake ikashuka kutoka dola 200,000 hadi 160,000. Zile dola milioni 2.7 za kuiadhibu kampuni, ambazo ndizo zilizojaa magazetini, jaji alizipunguza hadi 480,000, na mwishowe pande mbili zikamalizana kwa siri. Ukiombwa ushauri na mtu yeyote katika fani hii, mwambie aombe daftari la malalamiko ya wateja waliotangulia. Kampuni inaweza kubishana na mtaalamu wako wiki nzima. Ni vigumu zaidi kubishana na barua 700 zilizomo kabatini mwake.

Hiyo siri ya mwisho itakukuta nawe. Kampuni itatoa fedha nzuri kwa sharti kwamba kila mtu anyamaze, na bidhaa ile ile iendelee kuuzwa. Anayeamua ni mteja, si wewe, kwa kuwa mguu uliokatwa ni wake. Ninachofanya mimi ni kumshauri mapema, mbele kabisa ya mazungumzo yoyote, atoe taarifa kwa mamlaka inayosimamia bidhaa ya aina hiyo. Taarifa ikishafika huko, sharti la kunyamaza haliwezi kuirudisha.

Kuhusu pesa. Marekani wakili kwa kawaida hulipwa sehemu ya kinachopatikana, mara nyingi theluthi, na asiposhinda halipwi ada. Katika nchi nyingi nyingine utaratibu huo umekatazwa au umewekewa mipaka mikali, kwa hiyo soma kanuni za chama chako cha mawakili kabla hujamwahidi mtu chochote. Lakini ada ndiyo hesabu rahisi. Inayoua ofisi ni gharama za kati: mhandisi, daktari bingwa, maabara, usafiri, uhifadhi wa kielelezo. Zote zinataka fedha taslimu sasa, na kesi inaweza kuchukua miaka. Tena katika nchi nyingi anayeshindwa hulipa gharama za mshindi, na mteja wako lazima alijue hilo kabla hajatia sahihi. Ofisi ndogo zinazodumu huchanganya: ajali za barabarani, majeraha ya kazini, madai ya bima, kazi zinazoleta fedha ya mwezi kwa mwezi huku kesi moja au mbili kubwa zikiiva taratibu. Wanaoanza kwa kesi kubwa tu hufunga milango. Hapo wenzako walikuwa na hoja.

Ulichouliza kuhusu kujifunza, jibu langu litakushangaza kidogo. Ongeza taratibu za madai na sheria ya ushahidi, halafu toka nje ya kitivo. Jifunze takwimu za msingi mpaka uweze kusoma utafiti wa kitabibu na kuuliza kwa nini kundi la kulinganisha lilikuwa dogo. Jifunze kusoma faili la hospitali, pamoja na vifupisho vya wauguzi. Soma viwango vya ubora vya bidhaa unazozikuta nyumbani, uone vinadai nini kuhusu joto, uzito na umeme. Kaa na mafundi, uwaulize kitu hiki huharibika wapi kwanza. Fundi mzoefu hukuonyesha kwa kidole mahali ambapo mhandisi ataandika kurasa arobaini, na ukishapajua mahali hapo utajua mhandisi yupi wa kumwajiri na umuulize nini. Ukimpata huyo mhandisi, mpe ukweli wote, na mzuri na mbaya. Shahidi mtaalamu aliyefichwa jambo atalisikia kwa mara ya kwanza akiwa kizimbani.

Kuna upande ambao hausomwi popote. Mteja wako atachunguzwa maisha yake yote: magonjwa ya zamani, kama alikuwa amelewa, picha yake akicheka harusini miezi michache baada ya kudai hawezi kusimama. Mwambie tangu mwanzo. Na mpigie simu hata pasipokuwa na jipya. Watu wanaougua huku wakisubiri mahakama huhesabu ukimya wa wakili kama habari mbaya. Ama kwenda wodini kutafuta wateja, chama chako kitakufutia leseni, nami sitakutetea.

Swali lako la mwisho. Si vibaya hata kidogo kuanzia upande wa makampuni au bima. Ningesema hata ni vyema, miaka miwili au mitatu. Utaona faili linavyopimwa kutoka upande ule, kwa nini dai hili linalipwa haraka na lile linapigwa danadana, na udhaifu gani wa wakili wa mdai unaowafanya watabasamu. Hatari zake ni mbili. Mshahara wa mwisho wa mwezi huzoeleka, na kila mwaka kuondoka kunazidi kuwa kugumu. Ya pili ni ya kimaadili: siri za mteja unabaki nazo hata ukihama, na huwezi kesho kumshtaki uliyemshauri jana katika jambo hilo hilo au linalokaribiana nalo. Kwa hiyo chagua ofisi yenye wateja ambao hutajuta kutoweza kuwashtaki, na tangu siku ya kwanza weka orodha ya wateja na bidhaa ulizowahi kuzishughulikia, majina na tarehe tu. Ofisi utakayohamia itakuuliza orodha hiyo kabla haijakupa meza.